Ubwege si Ujinga: Maana na Asili ya Istilahi Inayowatatiza Watahiniwa

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, huenda umewahi kusahihisha insha ya uhakiki iliyoanza kwa sentensi ya aina hii: "Tamthilia hii ni ya ubwege kwa sababu wahusika wake ni mabwege." Mtahiniwa huyo huendelea kuorodhesha vitendo vya kipumbavu vya mhusika mmoja baada ya mwingine, akajaza kurasa mbili, na mwishowe akashangaa kwa nini amepata alama mbili au tatu tu. Hakuwa mvivu. Alikisoma kitabu na alilikumbuka neno alilofundishwa darasani. Kilichomponza ni kwamba alilitafsiri neno hilo kwa maana ya mtaani, na hakuna aliyemwonya.

Makala haya yanadhamiria kueleza maana ya istilahi ubwege kama inavyotumika katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, asili ya dhana inayowakilishwa na istilahi hiyo, na namna inavyofaa kutumiwa katika kujibu maswali ya Karatasi ya Tatu. Hoja yetu kuu ni moja: ubwege wa kifasihi haukai katika kichwa cha mhusika. Unakaa katika uhusiano baina ya mtu na ulimwengu usiomjibu. Ukikosea hapa, utamlaumu mhusika kwa kosa ambalo si lake, na ujumbe wa mwandishi utakupita.

Neno bwege katika lugha ya kila siku

Tuanze na neno lenyewe. Bwege, katika matumizi ya kawaida, ni mtu mpumbavu, mtu asiyeng'amua mambo upesi na anayedanganyika kwa urahisi. Wingi wake ni mabwege, na kwa kuwa hurejelea binadamu, upatanisho wake wa kisarufi ni wa A-WA: bwege huyu amedanganywa, mabwege hawa wamedanganywa. Neno hili lina ndugu wengi katika Kiswahili: zuzu, bozi, mpumbavu, fala, juha. Kila moja lina ladha yake. Juha, kwa mfano, huhusishwa na Juha wa ngano za Waarabu, yule ambaye upumbavu wake huchekesha na pengine huficha werevu. Wasomaji wa gazeti la Taifa Leo walimjua kwa miaka mingi Juha Kalulu wa katuni za Edward Gitau, naye alikuwa wa ukoo huohuo.

Ukiongeza kiambishi u- cha nomino dhahania unapata ubwege, kama vile unavyopata ujinga kutokana na mjinga. Kufikia hapa mtahiniwa wetu yuko sahihi. Tatizo ni kwamba kiambishi hichohicho u- kina kazi nyingine. Hutumika kuunda majina ya mikondo, falsafa na nadharia: uhalisia, udhanaishi, ujamaa, ulimbwende, urasimi. Neno likishaingia katika kundi hili halibebi tena maana yake ya nyumbani peke yake. Limepewa kazi mpya.

Chukua mfano wa ulimbwende. Mlimbwende mtaani ni mtu anayependa kujipamba na kuvaa kwa madaha. Lakini mwalimu anayefundisha mkondo wa ulimbwende hawaambii wanafunzi wake watafute mashairi yanayosifu mavazi. Anawaelekeza kwenye hisia za ndani za mshairi, uhuru wa mawazo yake na mapenzi yake kwa maumbile. Halikadhalika, urasimi wa kifasihi si urasimu wa maofisini. Ikiwa tunakubali kwamba ulimbwende wa kifasihi haupimwi kwa shati, basi tukubali pia kwamba ubwege wa kifasihi haupimwi kwa upumbavu wa mtu.

Asili ya dhana: sikio lisilosikia

Istilahi ubwege ilichaguliwa na wahakiki wa Kiswahili ili kuwakilisha dhana ambayo kwa Kifaransa huitwa absurde na kwa Kiingereza absurd. Maneno hayo mawili yanatokana na Kilatini absurdus. Inafaa tulichunguze neno hili kwa makini kwa sababu ndani yake mna picha ambayo bwege haina.

Katika Kilatini, absurdus lilitumika kwanza kuhusu sauti. Lilikuwa na maana ya sauti isiyolingana na nyingine, mlio unaokwaruza sikio, wimbo uliotoka nje ya ufunguo. Baadaye ndipo lilipopanuliwa likamaanisha jambo lisilofaa, lisilopatana na akili. Wataalamu wa asili ya maneno hawakubaliani kabisa kuhusu mzizi wake. Wengine hulihusisha na surdus, yaani kiziwi, na wengine hulihusisha na mzizi wa kale zaidi unaohusu mlio. Lakini njia zote mbili zinatufikisha mahali pamoja, nako ni sikioni. Jambo la absurdus ni jambo ambalo sauti zake hazipatani.

Neno hilo surdus lina historia nyingine inayofaa kusimuliwa darasani, kwa kuwa wanafunzi wetu hukutana nalo katika somo la hisabati bila kujua. Wagiriki wa kale waliziita nambari zisizoweza kuandikwa kama sehemu kamili, kwa mfano kipeuo cha pili cha 2, kwa jina alogos. Logos kwao ilikuwa na maana ya neno, na pia ya akili na ya uwiano. Kwa hiyo alogos ni kitu kisicho na neno na kisicho na akili kwa wakati mmoja. Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu walipozungumzia nambari hizo walitumia neno asamm, yaani kiziwi. Katika karne ya 12 vitabu vyao vilipotafsiriwa kwa Kilatini, asamm likawa surdus. Ndilo hilo linaloonekana hadi leo katika vitabu vya hisabati vya Kidato cha Tatu, katika mada ya surds. Mwanafunzi anayehangaika na vipeuo hivyo anahangaika na nambari viziwi.

Tazama sasa neno letu mantiki. Limetokana na Kiarabu mantiq, na mzizi wake ni uleule wa nataqa, kusema au kutamka. Kwa hiyo katika lugha hizi za kale, akili na usemi vilitazamwa kama mapacha. Jambo lenye mantiki ni lile linaloweza kusemwa likaeleweka. Jambo lisilo na mantiki ni kama kiziwi: unalisemesha, halikusikii, unaliuliza, halikujibu.

Picha hii ndiyo ufunguo. Mpumbavu ni mtu mmoja mwenye kasoro. Kutosikilizana ni jambo linalohitaji pande mbili: anayesema na asiyesikia. Lau wahakiki wetu wangalichagua istilahi iliyojengwa juu ya uziwi, pengine mtahiniwa wetu asingalipotea. Hata hivyo ubwege ndilo neno lililoenea, limezoeleka katika vitabu na vyuo, na si kazi ya makala haya kulibadilisha. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba linapotajwa, msomaji anasikia ndani yake ile sauti isiyopatana.

Kutoka sikioni hadi jukwaani

Dhana hii iliingiaje katika fasihi? Mwaka 1942 mwandishi Albert Camus, mzaliwa wa Algeria iliyokuwa chini ya utawala wa Ufaransa, alichapisha insha ndefu ya kifalsafa kuhusu Sisyphus. Huyu ni mfalme wa visasili vya Kiyunani aliyeadhibiwa na miungu asukume jiwe hadi kileleni mwa mlima, na kila linapofika, huporomoka naye huanza upya, milele. Camus alilitumia jambo hili kueleza kwamba binadamu anadai maana na mpangilio, nao ulimwengu unamnyamazia. Alisisitiza kwamba ubwege haumo ndani ya binadamu peke yake, wala haumo ndani ya ulimwengu peke yake. Unazaliwa pale wawili hao wanapokutana. Mtahiniwa akiikumbuka hoja hii moja, amekwisha kuuepuka mtego tuliouzungumzia mwanzoni.

Miaka hiyo ilikuwa ya Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya vita, Ulaya iliyojisifu kwa akili na sayansi ilibaki na miji iliyobomolewa na mamilioni ya waliouawa. Katika mazingira hayo walitokea watunzi wa tamthilia waliokataa kusimulia kisa kilichonyooka kana kwamba dunia imenyooka. Eugène Ionesco, mzaliwa wa Romania aliyeandika kwa Kifaransa, alionyesha La Cantatrice chauve jijini Paris mwaka 1950. Walimu wa lugha watafurahi kujua chanzo chake: Ionesco alikuwa akijifunza Kiingereza kwa kitabu cha mazoezi, akashangazwa na sentensi zake zinazotangaza kwa uzito mambo yanayojulikana na kila mtu. Akawatia midomoni wahusika wake sentensi za aina hiyo, nao wakawa wanazungumza sana bila kuambiana lolote.

Mnamo Januari 1953, katika ukumbi wa Théâtre de Babylone jijini humo, ilionyeshwa En attendant Godot ya Samuel Beckett wa Ireland. Watu wawili, Vladimir na Estragon, wako kando ya barabara penye mti mmoja. Wanamngoja mtu anayeitwa Godot. Haji. Tendo la pili linarudia mwendo wa tendo la kwanza. Bado haji.

Aliyeupa mkondo huu jina lililoenea ni mhakiki Martin Esslin, mzaliwa wa Budapest, katika kitabu chake The Theatre of the Absurd cha mwaka 1961. Waandishi aliowashughulikia hawakuwa wameunda chama wala kutoa azimio la pamoja. Ni yeye aliyeona kwamba wanafanana. Esslin aliandika pia kuhusu onyesho lililofanywa mwaka 1957 katika gereza la San Quentin huko California, Marekani. Kikundi cha waigizaji kilipeleka tamthilia ya Godot mbele ya wafungwa wapatao 1,400. Watazamaji wengi wasomi walikuwa wameiona tamthilia hiyo kuwa fumbo lisilofumbulika. Wafungwa waliifuata kwa utulivu na kuielewa. Hawakuhitaji kuelezwa kungoja ni nini.

Kisa hiki kina funzo kwa mwalimu. Tamthilia ya ubwege si mchezo wa wasomi wa kuwachanganya wasomaji. Anayeishi katika hali ya kutojibiwa huitambua haraka. Wanafunzi wetu wengi wanaijua hali hiyo kuliko tunavyodhani.

Bwege na ubwege: mifano miwili

Ili tofauti ionekane wazi, soma mazungumzo mawili yafuatayo. Tumeyabuni kwa ajili ya makala haya, nawe mwalimu unaweza kuyatumia darasani.

Mfano wa kwanza:

ABIRIA: Basi la Nakuru linaondoka saa ngapi?
KARANI: Saa mbili kamili.
ABIRIA: Na lile la saa mbili je?
KARANI: Ni hilohilo.
ABIRIA: Basi nikatie tikiti ya hilo la saa mbili kamili. La saa mbili litaniacha.

Mfano wa pili:

MZEE: Nimekuja kuchukua kitambulisho changu.
KARANI: Onyesha kitambulisho.
MZEE: Ndicho nilichokuja kuchukua.
KARANI: Nitajuaje ni chako kama huna kitambulisho?
MZEE: Picha iliyomo ni yangu.
KARANI: (Anaitazama picha, kisha anamtazama mzee.) Huyu wa kwenye picha ni kijana.
MZEE: Niliomba nikiwa kijana.
KARANI: Basi mlete huyo kijana.
(Mzee anaketi. Kimya.)
MZEE: Nitamngoja hapa.

Katika mfano wa kwanza tunamcheka abiria. Yeye ni bwege, lakini dunia yake ni nzima: saa ni saa, basi ni basi, na karani anajibu sawasawa. Kicheko chetu kinatokana na imani kwamba ulimwengu una kanuni, naye mtu mmoja amezikosa. Hii ni vichekesho.

Katika mfano wa pili, mzee si bwege hata kidogo. Kila anachosema ni kweli. Hata karani, ukimsikiliza kauli moja moja, anafuata kanuni ya kazi yake. Lakini ukiziweka kauli zao pamoja, hazipatani. Maisha ya mtu yamepita katika mwanya uliopo baina ya swali na jibu. Na neno la mwisho la mzee, la kujingoja mwenyewe aliyekuwa kijana, linachekesha na kuliza kwa pamoja. Huo ndio ubwege wa kifasihi.

Ubwege katika fasihi ya Kiswahili

Tukija nyumbani, athari za mawazo haya zilionekana mapema katika riwaya za Euphrase Kezilahabi wa Tanzania, aliyefariki mwaka 2020. Riwaya yake Kichwamaji (1974) aghalabu huhakikiwa kwa misingi ya udhanaishi, falsafa iliyo jirani na ubwege. Jina lenyewe ni funzo zuri. Kichwamaji mtaani ni mtu asiye na akili iliyotulia. Lakini Kazimoto, mhusika mkuu, ni msomi wa chuo kikuu anayefikiri mno kuhusu maana ya kuishi, na kufikiri huko hakumwokoi. Baadaye Kezilahabi aliandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), kazi fupi zilizouvunja kabisa utaratibu wa kisa kilichonyooka.

Katika tamthilia, kazi inayotajwa zaidi kuhusiana na ubwege ni Amezidi (1995) ya Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar. Wahusika wake wakuu ni Ame na Zidi, wanaoishi pangoni katika ufukara. Ukiyaunganisha majina yao unapata kitenzi kilicho katika anwani: amezidi. Je, nani amezidi, na amezidi katika nini? Mwandishi anatuachia swali. Mandhari ni finyu, kisa hakisongi kama tulivyozoea, na wahusika wanatumia maneno mengi kujaza pengo la mambo wasiyoyapata. Mfanano wao na wale wawili wa Beckett walio kando ya mti unaonekana.

Lakini mtahiniwa asikome hapo. Tofauti ni muhimu kuliko mfanano. Kwa Beckett hatuambiwi Godot ni nani wala kwa nini haji. Ukimya ule ni wa ulimwengu mzima. Katika Amezidi, pango lina sababu. Tamthilia hii inatuelekeza kwenye utegemezi wa misaada kutoka nje, tabia ya kupenda vya bure, na mataifa yaliyopata uhuru yakabaki kunyoosha mkono. Kwa maneno mengine, ubwege wa Ulaya baada ya vita uliuliza: je, maisha yana maana? Ubwege wa Said Ahmed Mohamed unauliza: ni nani aliyeyaondolea maisha haya maana, na kwa nini tumezoea? Swali la kwanza ni la kifalsafa. La pili ni la kifalsafa na la kisiasa pia.

Hapa ndipo kosa la kuchanganya ubwege na ujinga linapokuwa zito kuliko kupoteza alama. Mwanafunzi anayeandika kwamba Ame na Zidi ni maskini kwa kuwa ni wajinga, na akaishia hapo, amejifunza kutoka kwa kitabu kinyume cha kile kilichoandikwa. Amefundishwa kumwona mtu aliyebanwa na kusema kwamba kasoro ni yake peke yake. Kweli, mwandishi hawasamehi wahusika wake. Uvivu na ndoto zao anazichapa pia. Lakini anazichapa zikiwa ndani ya pango, na pango hilo ni sehemu ya hoja yake.

Inafaa pia kujihadhari na upande wa pili. Si kila kazi ngeni ni ya ubwege. Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein ina mchezo ndani ya mchezo, ina mbuyu, ina Shetani na Binadamu, na ina Kitaru anayeugua ugonjwa usioeleweka kwa urahisi. Hata hivyo ishara zake zinafumbulika kwa kuzingatia historia na matabaka ya Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964. Ni tamthilia ya kiishara zaidi kuliko ya kibwege. Vivyo hivyo, riwaya kama Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila (2002) ina matukio yasiyowezekana, lakini jambo lisilowezekana si lazima liwe jambo lisilo na maana. Fantasia huvunja kanuni za maumbile. Ubwege huvunja matumaini ya kupata jibu.

Namna ya kuitambua na kuijadili tamthilia ya ubwege

Mtahiniwa anapoulizwa athibitishe kuwa kazi fulani ina sifa za ubwege, anaweza kuongozwa na vipengele vifuatavyo. Kila kimoja kitolewe mfano kutoka kitabuni na kufafanuliwa.

1. Ploti. Je, kisa kinasonga au kinazunguka? Onyesha mahali ambapo mwisho unarudi mwanzo, au ambapo tukio linalotarajiwa halitokei.

2. Wahusika. Je, wana historia, ukoo na kazi inayoeleweka? Au wamepewa majina tu, na ungeweza kuwabadilishana bila tofauti kubwa?

3. Mazungumzo. Je, kauli inajibu kauli? Tafuta mahali ambapo wahusika wanasema kwa zamu lakini hawasikilizani. Kumbuka asili ya neno: ubwege ni uziwi.

4. Mandhari. Je, ni mahali finyu, patupu, pasipotajwa jina? Mahali hapo panawabana wahusika kwa njia gani?

5. Toni. Je, kicheko na huzuni vimechanganyika kiasi kwamba huwezi kuvitenganisha?

6. Chanzo. Je, kukosekana kwa mantiki kunatokana na hali ya kuwa binadamu tu, au kuna mfumo, uongozi au historia iliyokuzalisha? Kipengele hiki ndicho kinachomtofautisha mtahiniwa mzuri na wa wastani.

Makosa ya kawaida yanayofaa kuepukwa ni matatu. La kwanza ni lile la kutumia ubwege kama sifa ya mhusika. Ukitaka kusema mhusika ni mpumbavu, sema ni mpumbavu, kisha utoe mfano. Usiazime jina la mkondo. La pili ni kutumia istilahi hii kama kisingizio cha kutoelewa. Kuandika kwamba "tamthilia hii ni ya ubwege kwa hivyo haina maana" ni kujifungia mlango. Kazi inayoonyesha kwamba ulimwengu hauna mpangilio imepangwa kwa uangalifu mkubwa, na kazi ya mhakiki ni kuuonyesha mpango huo. La tatu ni kuchanganya ubwege na kejeli. Kejeli hujua jambo lilipaswa kuwa vipi, ikamcheka anayelipotosha. Ubwege huanza pale ambapo hata anayecheka hana hakika tena. Kazi moja yaweza kuwa na vyote viwili, kama mazungumzo ya mzee na karani yalivyo navyo, lakini vijadiliwe kila kimoja kwa jina lake.

Hitimisho

Tumeona kwamba bwege ni mtu, lakini ubwege wa kifasihi ni hali. Tumeona kwamba dhana yenyewe ilianzia kwenye sauti isiyopatana, ikahusishwa na uziwi, ikapita kwa wanafalsafa na watunzi wa Ulaya ya baada ya vita, na ikafika kwetu ambako ilipewa sababu na anwani. Istilahi tuliyo nayo ina upungufu wake, kwa kuwa masikioni mwa mwanafunzi inatangulia kutaja upumbavu. Upungufu huo unaweza kuzibwa na mwalimu kwa dakika tano za maelezo kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza wa tamthilia.

Kwa hiyo, mtahiniwa, utakapokutana na watu wawili jukwaani wanaongoja kisichokuja, usiharakishe kuuliza wao ni mabwege kiasi gani. Uliza walimwita nani, na ni nani asiyesikia.

Maswali ya marudio

1. "Ubwege haumo ndani ya mtu wala ndani ya ulimwengu, bali hutokea wawili hao wanapokutana." Jadili kauli hii kwa kurejelea tamthilia yoyote uliyoisoma. (alama 20)

2. Eleza tofauti iliyopo baina ya: (a) vichekesho na ubwege, (b) kejeli na ubwege, (c) fantasia na ubwege. (alama 12)

3. Tunga mazungumzo ya kauli kumi baina ya wahusika wawili ili kuonyesha kutosikilizana bila kumfanya yeyote kati yao kuwa mpumbavu. (alama 8)